Swali la Ndoo Nne za Dagaa

Dagaa walioloa mvua wana harufu yao. Haifanani na ya wabichi wala ya wakavu. Ni nzito, imechacha kidogo, na humkaa mtu kwenye nywele. Niliikuta juzi stendi ya Buzuruga, ikitoka kwenye gunia la mama mmoja, nikasimama kama niliyeitwa jina. Kimawazo nilikuwa nimerudi Igombe, kwetu kando ya ziwa, darasa la tano, mwaka nilioambiwa kwamba nikitoroka tena nitarudia darasa.

Ndiyo, msomaji wangu, nilikuwa mtoro. Siku za giza, mwezi usipotoka, wavuvi walipata dagaa kwa wingi, na mama aliwaanika ufukweni juu ya nyavu kuukuu. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Wingu likichomoza ziwani, mimi nilipita dirisha la darasa, nikakimbia kumsaidia kuwazoa wasiloe.

Siku moja Mwalimu Kabula, aliyetufundisha hisabati, alifunga kitabu. "Leo maswali mtatunga ninyi. Yatoke nyumbani kwenu, na yawe ya kweli."

Tulihangaika. Tulimzoea Juma wa kitabuni, mwenye maembe kumi. Basi wenzangu wakampa mananasi, wengine wakampa mbuzi.

"Jamani, huyu Juma apumzike," mwalimu alisema.

Mimi niliandika: Mama ameanika ndoo nne za dagaa. Tangu wingu lionekane hadi mvua inyeshe, mtu mmoja anaweza kuzoa ndoo mbili. Je, mtoto akibaki darasani, ndoo ngapi zitaloa?

"Mbili!" darasa zima likapiga kelele.

"Kwani majirani hamna?" aliuliza Masunga, niliyekaa naye dawati moja.

"Si nao wanazoa za kwao?" nilimjibu.

"Basi muanike kwa zamu."

"Kawaambie dagaa waje kwa zamu, Masunga!" Leticia akamrushia kutoka nyuma, tukacheka mpaka madawati yakalia.

Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye siku nilizotoroka. Zilikaa mafungumafungu, fungu moja kila mwezi.

"Giza," alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akanihamishia dawati la mlangoni, ziwa linakoonekana. "Wingu likitoka, nenda. Usiniombe ruhusa. Ila ukirudi utatuambia mmeokoa ngapi."

Jioni nilimsimulia mama yote, nikitegemea afurahi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mpaka wenzako wanajua kwamba peke yangu nazoa mbili?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupepeta mchele.

Muhula ule nilitoka mbio mara tatu, na mara zote nilimkuta ameshamaliza, amekaa kando ya ndoo zilizofunikwa, hata jasho hana. "Unatafuta nini huku? Rudi shule." Mara ya nne sikujisumbua. Nilijua tu kwamba mama amekuwa na mikono myepesi. Darasani niliripoti kwamba ameokoa wote, wakampigia makofi.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo nilipomuuliza alipata wapi kasi ile.

"Kasi gani?" alicheka. "Nilikuwa naanika mbili tu. Wengine niliwaachia wenzangu, wabichi vilevile, kwa bei ya chini."

Nikakumbuka jinsi mboga ya muhula ule ilivyokuwa leo mchicha, kesho mchicha, na jinsi nilivyonung'unika. Sisi darasani tulilijibu swali langu, tukaridhika. Mama alilichukua, akalitazama peke yake, akapunguza ndoo.