Boriti za Bimdogo

Siku hizi bibi harusi wa visiwani huozeshwa Kismayu, katika ukumbi wa kukodi, spika zikinguruma hata mtu hasikii dua. Wala hakuna anayeona haya. Zamani msichana wa Kibajuni aliolewa nyumbani kwa mama yake. Bwana harusi ndiye aliyekuja, akavuka kizingiti cha watu, na watu wakamwona. Mambo hayo yamekwenda. Lakini Bimdogo wa kisiwa cha Kudhaa hakukubali yaende yote.

Aliporudi kutoka Mombasa, baada ya ukimbizi wa miaka mingi, aliikuta nyumba ya mama yake ni kuta tupu. Mawe yalisimama, paa lilikwenda na vita. Boriti za mikoko hazipatikani tena. Mikoko iliyobaki ni fito, na msitu wa bara watu wameugeuza makaa. Bimdogo alitazama juu akaona mbingu, akasema, "Sumeya wangu ataolewa humu humu." Sumeya, binti yake wa pekee, alikuwa bado mtoto, anasoma Kurani chuoni. Basi mama akaamua kuzipanda boriti mwenyewe.

Alikuwa amekuja na miche ya mikaratusi ndani ya makopo ya maziwa. Huko Mombasa aliiona ikikua kwenye udongo mwekundu, ikipanda juu kama imeitwa. Akaichimbia mashimo mbali na kisima, kwani mti huu ni mnywaji, akaipanda kama baba yake alivyopanda minazi: ngumi ya chumvi na ngumi ya jivu chini ya kila mche. Nani kwetu angefanya vingine? Mnazi bila chumvi hauzai, kila mchu ajua, kama tusemavyo Wabajuni.

Mkaratusi si mnazi. Kudhaa ukichimba kidogo tu unagonga mwamba wa matumbawe, chokaa tupu, na jivu ni ndugu wa chokaa. Katika udongo kama huo mti huu hukaa juu ya chakula usiweze kukila. Majani yaligeuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani.

Ndugu yake Famau, fundi wa mashua, alipita akasimama.

"Dada, hii ni migomba?"

"Pita zako, Famau."

"Napita. Ila ndizi zikiiva unibakishie kichane."

Bimdogo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafukua mashimo yote, akatupa jivu, akajaza samadi nyeusi ya zizi la mbuzi na majani yaliyooza. Masika ikaosha chumvi. Baadhi ya miche ilikufa. Iliyobaki ilishika maisha, kila mmoja kwa njia yake. Ile ya mchangani ilizamisha mizizi chini sana kutafuta maji matamu, ikanyooka. Ile ya mwambani haikuwa na pa kuzama; ikatandaza mizizi kama mkeka, ikapenyeza vidole katika nyufa za matumbawe, ikakua mifupi na minene. Mmoja ulivunjwa na kusi hadi kwenye fundo lililovimba chini ya shina, nasi tukasema basi, umekwisha. Kwenye fundo lile lile yakatoka machipukizi tele.

"Huyu Mbajuni," alisema Bimdogo. "Mkate hapa, atatokea pale."

Miaka ikapita. Sumeya akaposwa na Abdulhakim, kijana wa bandarini Kismayu. Wakwe wakaleta habari kwamba ukumbi umeshaangaliwa. Bimdogo aliwajibu kwamba kama mwezi wa Mfunguo Sita utaingia na nyumba haina paa, waende ukumbini, hatatia neno. Kisha akachukua shoka.

Famau aliyatazama magogo, akabinua mdomo. "Yale marefu sawa. Hivi vishina vya mwambani utafanyia nini, kinu?"

"Pima chumba kwanza."

Akapima, kisha akapima tena. Wazee wetu hawakuwa wajinga kama vijana wadhanivyo: upana wa chumba waliufuatisha urefu wa boriti ya mkoko, nayo ni fupi. Magogo mafupi ya mwambani yalitoka ukuta hadi ukuta, barabara.

"Mti wa haraka hupasuka, dada," Famau akanung'unika.

"Basi nawe fundi, uzuie."

Akazuia kwa dawa ya zamani. Waliyamenya magogo, wakayalaza kwenye tope la pwani kama mikoko, maji yakija na kutoka, halafu wakayakausha kivulini polepole. Chumvi iliyotaka kuua mche ikaikomaza boriti. Mawili yalipasuka. Mengine yalishika.

Boriti zilipokwisha kupandishwa, wakwe walikuja kukagua. Mukhtari, mjomba wa bwana harusi, mtu wa kitambi, aliuliza kama kweli zinabeba. Famau, na mvi zake zote, alipanda juu ya kiti, akaidaka boriti fupi kuliko zote na kuanza kubembea.

"Njoo, mjomba! Yabeba wawili!"

Mukhtari alivua viatu, akaja. Boriti ililia kidogo, ikatulia. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Shukeni!" Bimdogo alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtaivunja mwanangu hajaolewa!"

Makuti yakafuata, na Mfunguo Sita ukaikuta nyumba imeezekwa. Abdulhakim alikuja Kudhaa, akavuka kizingiti mbele ya watu. Spika hazikuwepo. Nilisikia dua yote mpaka amina, na harufu ya mkaratusi ikitushukia kutoka juu.