Saa Tano na Dakika Ishirini Kutoka Dubai

Ndugu yangu alinipigia simu asubuhi akiwa uwanja wa ndege wa Dubai. Alikuwa mlinzi wa maghala huko.

"Dada, ndege yangu inaondoka saa mbili. Huyo mwanaume leo namuua."

Alimaanisha shemeji yetu wa Mbale, mume wa mdogo wetu, ambaye juzi yake alimvunja mkewe mkono kwa mchi wa kinu. Picha ya mkono huo nilimtumia mimi. Sikudhani angekuja. Baba alikuwa askari. Tulikulia kambini Jinja, tukiongea Kiswahili na kuchapwa mkanda, na kati yetu watatu ni yeye tu aliyejifunza kupiga.

Nikatafuta kwenye simu: Dubai hadi Entebbe, saa tano na dakika ishirini. Atatua saa saba na dakika ishirini. Njiani hadi Mbale, pamoja na foleni ya Kampala, muda wa saa sita hivi. Basi Mbale atafika saa moja na nusu jioni. Shemeji alikuwa anatoka kazini, kwenye mashine ya kusaga mahindi, saa kumi na mbili. Nilikuwa na muda wa kuwaondoa wote wawili, mdogo wetu na mumewe, kabla hajafika. Nikafunga duka langu Bugembe nikapanda gari.

Mdogo wangu nilimkuta ameketi mlangoni, mkono kwenye plasta. Nilimwambia twende. Akasema, "Umwambie mume wangu kwanza. Nikiondoka kimya atanifuata."

Tukamngoja. Jioni shemeji aliingia na unga kwenye nyusi. Nikamwambia, "Shemeji, ondoka. Ndugu yetu yuko njiani, na haji kuongea."

"Hii ni nyumba yangu," akasema, akanizaba kofi. Nikaangukia jiko, sufuria ya maharage ikanimwagikia mguuni. Nilikuwa bado napiga kelele gari liliposimama nje.

Saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimesahau kwamba saa za Dubai ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Saa mbili yao ni saa moja yetu.

Aliingia na spana ya magurudumu. Hakusalimu. Pigo la kwanza lilimpata shemeji gotini, nikasikia mfupa. La pili likampata tayani, meno yakamwagika sakafuni. Nilimkumbatia ndugu yangu kwa nyuma, akanipiga kiwiko puani, damu ikanijaa mdomoni. Akainua spana mara ya tatu, kichwani sasa. Mdogo wetu akajitupa juu ya mumewe na plasta yake.

"Toka hapo!"

"Nipige mimi! Si mmezoea wote?"

Mkono wake ulibaki juu. Kisha akaiachia spana, akaketi katikati ya maharage na damu, akalia kwa sauti. Majirani walipoingia walimfunga kamba bila shida, wakampiga mateke hadi polisi walipofika.

Shemeji alipona, ila anatembea kwa gongo na maneno yake hayaeleweki vizuri. Ndugu yangu yuko gerezani. Mdogo wetu anaishi kwangu, na bado anashtuka mtu akifunga mlango kwa nguvu. Habari ya ile saa moja niliyoisahau sijamwambia yeyote.

Mwezi uliopita nilikwenda gerezani kumwona ndugu yangu. Amekonda. Aliniuliza kama mkono wa mdogo wetu umenyooka.

"Haujanyooka," nikamwambia. "Lakini anafua nguo nao."