Kusalimia kwa Mgongo wa Mkono

Nakumbuka asubuhi moja ya Busia, mwanangu, niko nyuma ya bodaboda nimepakata katoni kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe, na malori ya kwenda Uganda yamepanga foleni hadi macho yanachoka kuyafuata. Ndani ya katoni mlikuwa na ruta, kile kisanduku cha chuma kinachopokea mtandao na kuugawa kwa kompyuta za ofisi nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tangu hapo nimelala katika miji mingi, Malaba, Tororo, Juba, hata Goma, na kila ninapofika miguu huanza kuniwasha nikitaka kuondoka. Miji mingine nimeisahau hata majina ya mitaa yake. Asubuhi ile haijaniacha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Fundi aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Etyang', Mteso wa Malaba, mtu mrefu wa maneno machache. Alinichukua kwetu Nambale nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, akanifundisha kuvuta nyaya na kufunga mitambo. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku: "Waya ya kwanza kufunga ni athi. Ya mwisho kufungua ni athi." Athi ni ule waya wa kijani na manjano unaounganisha chuma cha mtambo na ardhi, ili umeme ukipotea njia uende udongoni badala ya kupitia mwilini mwa mtu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi mno hata nikaacha kulisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa katika ofisi ya mawakala wa forodha, jirani na uwanja wa malori. Ruta yao ya zamani ilikuwa ikikata roho kila saa. Karatasi za mizigo haziendi, na madereva wamejaa dirishani.

"Ssebo, bwana wangu, jana uliniambia leo," mmoja alikuwa akimwambia karani. "Sasa leo unaniambia nini?"

"Leo nakuambia angalia wale mafundi," karani akajibu, akituonyesha. "Ukitaka kulia, lilia hao."

Aliyetufungulia chumba cha mitambo alikuwa Mama Sabina, mjane kutoka Samia, mwenye funguo, ufagio na birika la ofisi ile. Chumba hakikuwa na dirisha. Ukutani ilisimama raki, kabati la chuma la nguzo nne zenye matundu, lenye mlango wa wavu, na ndani yake taa za ruta ya zamani zikipepesa. Mama Sabina hakuingia moja kwa moja. Aliinua mkono wa kulia, akaugusa ule mlango wa wavu kwa mgongo wa vidole, akasema polepole salamu ya amani ya kwao, "Mulembe, mzee."

Nikachungulia nyuma yake nimwone huyo mzee. Hapakuwa na mtu.

"Mama, unasalimia nani?"

"Mwenye chumba." Akainyooshea raki kidevu. "Weka mkono na wewe. Weka hivi, usiweke hivyo."

Nikaweka kama alivyonionyesha. Kitu kilipita chini ya ngozi yangu, laini, cha kutetemeka, kama vidole vya bibi kizee anapokushika mkono kanisani na hataki kukuacha uende.

Ndipo akatusimulia. Chumba kile kilikuwa cha Mzee Makokha, aliyegonga mihuri ya ofisi kwa miaka mingi. Hakuna dereva aliyepata muhuri kabla ya kupeana naye mkono. Siku moja, kabla ya chai ya saa nne, alimpa mkono dereva wa Mbale, akaaga dunia hivyohivyo, ameketi, macho wazi. Dereva aliendelea kumweleza habari za barabara, mvua na mashimo, kabla hajatambua kwamba anayemsikiliza hayupo. Walimtoa mkononi mwa marehemu kidole kimoja kimoja. Chumba kilifungwa, halafu wakaja watu wakaisimamisha raki mahali palepale meza yake ilipokuwa. Kuanzia hapo chuma kikaanza kusalimia.

"Na huu mgongo wa mkono?" Mzee Etyang' akauliza. "Nani aliwafundisha?"

"Ni yeye. Alinijia ndotoni. Akaniambia, Sabina, mkinisalimia mtumie mgongo wa mkono. Kiganja changu hakiachi."

Nilicheka, mwanangu. Makarani wawili wa kike waliokuwa mlangoni wakaniona nikicheka, nami nikacheka zaidi kwa ajili yao. Mzee Etyang' hakucheka. Mama Sabina alipotoka, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba fundi hagusi chuma asichokijua kwa kiganja. Umeme hukunja vidole. Ukishika kwa kiganja, mkono hujifunga wenyewe na hutaweza kuuachia. Ukigusa kwa mgongo, mkono hujikunja kujiondoa. Jambo hilo yeye alikuwa amelijua miaka mingi, ila hakuwahi kulisikia kwa mtu aliyefunzwa na ndoto.

"Hii raki haina athi," akasema. "Ndiyo sababu inauma watu. Siku waya wa moto ukigusa hiyo chuma, itaua mtu. Funga athi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

Akapanda darini na ngazi yake kuvuta waya mpya, akaniacha peke yangu na katoni.

Nilikata utepe. Nikatoa sponji, nikaivua ruta nailoni yake, nikapanga kila kitu sakafuni kama nilivyofunzwa: masikio mawili ya chuma ya kuishikiza kwenye nguzo, kifuko cha skrubu, na waya wa athi umejikunja ndani ya nailoni ndogo. Ruta ya zamani haikuzimwa, kwa sababu ofisi haikukubali kukaa bila mtandao hata kidogo. Ilinguruma pale juu kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Bolti ya athi, ile iliyoungana na ardhi, ilikuwa nyuma, chini kabisa, kati ya raki na ukuta. Ili kuifikia ilinibidi nilale kifudifudi, nibandike shavu sakafuni na kupenyeza mkono wote hadi begani, mahali nisipoweza kuona.

Nikapenyeza. Nikapapasa vumbi, nikapapasa ukuta, nikapapasa mguu wa raki.

Kisha nikashikwa mkono.

Sikuumwa, wala haukuwa ule mtetemo wa mlangoni. Vilikuwa vidole vitano vya baridi, vikijikunja juu ya vyangu bila haraka, kama mzee anayemshika mgeni kabla ya kumuuliza habari za nyumbani.

Nilichomoa mkono nikakaa chini, mgongo ukutani. Nilitaka kumwita Mzee Etyang'. Lakini ningemwambia nini? Wale makarani walikuwa wakipita mlangoni, na mimi ndiye niliyecheka. Hapo ndipo sauti yake iliposhuka kutoka darini.

"Wewe Nambale! Athi umefunga?"

"Nimefunga, mzee!"

Mdomo ulijibu kabla ya moyo. Nikaichukua ile nailoni yenye waya, nikaisukuma chini ya sponji ndani ya katoni, nikafunika. Nikaipandisha ruta kwenye raki, nikitaka tu kumaliza na kutoka chumbani mle. Skrubu ya chini upande wa kushoto ilikataa kuingia. Niliilazimisha kwa bisibisi hadi ikanyamaza. Sikutazama nyuma ya nguzo ile, ambako ulipita waya wa umeme uliokuwa ukilisha raki nzima.

Jioni taa zote zilikuwa za kijani. Meneja akapiga makofi, madereva wakapungua dirishani, nikapewa soda. Mzee Etyang' alikuwa akijipangusa vumbi la darini. Kwa kawaida angeichukua testa yake, kile kifaa cha kupimia umeme, akague kila kitu mwenyewe, lakini siku hiyo alikuwa amechoka, akaniangalia tu.

"Athi iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, mzee."

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilikuwa na urefu wa usiku mmoja. Usiku huo malori yalipita, na pale Busia lori lenye mzigo likipita jengo zima hutetemeka. Kila tetemeko likaisogeza ile skrubu kidogo, ikitafuna ngozi ya waya, hadi ikafika kwenye shaba.

Asubuhi tulirudi kuchukua ngazi. Mama Sabina alikuwa akipiga deki, miguu mitupu, sakafu imelowa. Alipotuona akaweka ndoo chini atufungulie chumba. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nilimwona akiinua mkono, mgongo wa vidole mbele, nikasikia akianza, "Mulembe..."

Hakumaliza. Alirushwa nyuma kama nguo inayokung'utwa, akaugonga ukuta, akateleza hadi chini. Mzee Etyang' alinipita mbio, akazima swichi kubwa ya jengo. Kukawa kimya, kimya hata ule mngurumo wa raki haupo, na katika kimya kile nilisubiri kusikia kama mwanamke yule atavuta pumzi. Alikuwa na watoto wanne, na wadogo wawili nilikuwa nimewaona siku iliyotangulia wakija kumchukulia ufunguo wa nyumba.

Akavuta pumzi. Akafungua macho, akautazama mlango wa wavu, wala hakututazama sisi.

"Leo hakunisalimia," akasema. "Leo amenisukuma."

Vidole vyake viwili vilikuwa vimeungua hadi kuwa vyeupe. Wenzake wakambeba kumpeleka hospitali. Lau angeshika kwa kiganja, na miguu ile mitupu kwenye maji, hakuna ambaye angemtoa pale akiwa hai.

Mzee Etyang' hakupiga kelele. Alimulika nyuma ya raki kwa tochi, akaona bolti haina kitu. Akaenda kwenye katoni, akatoa sponji, akainua ile nailoni ndogo mbele ya macho yangu. Waya ulikuwa bado umejikunja vilevile, haujafunguliwa.

"Uliogopa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini hukusema?"

Alikaa juu ya ndoo ya Mama Sabina iliyogeuzwa. Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo hadi leo.

"Mimi pia naogopa hapo nyuma. Jana nilipanda darini haraka kwa sababu naogopa. Ungesema, tungekuja wawili, tukaogopa pamoja, na athi ingefungwa. Uoga haujachoma mtu hapa. Kilichomchoma huyu mama ni neno lako moja, nimefunga. Na mimi kosa langu ni kuliamini nikaiacha testa mfukoni." Akanipa waya. "Sasa lala chini ufunge."

"Mzee, kuna mtu hapo."

"Msalimie, halafu endelea na kazi."

Tulibadilisha kwanza waya uliotobolewa. Kisha nikalala, shavu sakafuni, nikapenyeza mkono. Kumbuka, mwanangu, swichi kubwa ilikuwa chini, na testa haikuwaka popote tulipoigusisha. Jengo lote halikuwa na umeme hata wa kuwasha taa ya mlangoni. Nikasema, "Mulembe, mzee." Nikashikwa. Vidole vilevile, baridi ileile. Nilikaza bolti kwa mkono uleule uliokuwa umeshikwa, nikiizungusha kidogo kidogo, na Mzee Etyang' amenishika kifundo cha mguu kama mtu anayemzuia mwenzake asitumbukie kisimani. Bolti ilipokaza mzunguko wa mwisho, vile vidole vikaniachia. Kimoja kimoja.

Sijui kilikuwa nini. Nimefunga raki nyingi tangu siku ile, upande huu wa mpaka na upande ule, na sijui.

Mama Sabina alirudi baada ya wiki mbili, siku tuliyokuja kukagua raki, mkono wake umefungwa bendeji. Vile vidole viwili havikupata tena kusikia moto wala baridi. Akausogelea mlango wa wavu, akagusa kwa mgongo wa mkono ambao haukuungua. Hakuna. Akageuza, akaweka kiganja kizima juu ya chuma, akasubiri. Hakuna. Machozi yakamlengalenga.

"Ameenda," akasema. "Miaka yote hiyo alinisalimia, na sikumuaga."

Ningeweza kunyamaza, na Mzee Etyang' hakunilazimisha. Lakini nilikuwa nimejua uzito wa kunyamaza. Nikamwambia Mama Sabina yote: nilivyomcheka, nilivyoogopa, nilivyodanganya mara mbili. Akatoa mkono wake ulioungua, kiganja juu. Nikampa wangu. Aliukamata akaushikilia, akaushikilia tu, hata wale makarani wakaacha kuandika, nami nikaanza kujiuliza kama ataniachia.

"Haya, nimekuachilia," akasema. "Nenda ukafanye kazi vizuri."

Mwanangu, unayesoma haya ukiwa kijana wa kazi ya mikono au ya karatasi, sikukatazi kuogopa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami naongeza kwamba kwa mwoga anayejificha huenda kilio cha jirani. Ukiogopa, tamka. Mwite mkubwa wako, hata kama ulicheka mbele ya watu, hata kama watakucheka wewe. Usiseme umefunga kitu ambacho bado kiko ndani ya nailoni. Na desturi ya watu usiyoielewa usiikanyage. Ile niliyoicheka mimi ndiyo iliyowabakishia watoto wanne mama yao.

Hadi leo, katika kila mji ninaofika, mlango wa chuma nisioujua naugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kisha nasubiri kidogo. Mara nyingi ni chuma tu.

Mungu akupe ulimi usiotangulia moyo wako, akuwekee mtu wa kukushika mguu unapoingia gizani. Akujalie kushikwa na mikono inayojua kuachia, na wako ujue vilevile. Mulembe, mwanangu.