Bei ya Samaki Wawili

Mwanamke huyu hakuwa na dogo. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza stoo ya shule ya bweni, na katika miaka yote hiyo hakuna gunia la unga lililovuka mlango wake bila kupandishwa kwenye mizani, hata likiletwa na mkuu wa shule mwenyewe. Madumu ya mafuta aliyachora mstari kila jioni, pale mafuta yalipofikia. Asubuhi akikuta mafuta yako chini ya mstari, mpishi anajieleza. Wenzake wakampachika jina la Mama Mizani, naye hakukasirika. Kusema kweli alilipenda.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole, kutwa kwenye kiti cha pembeni akikanyaga breki kuokoa maisha ya wanafunzi wake na ya wapita njia. Jumamosi moja aliingia sebuleni na vijana wawili wamebeba tangi la kioo, refu kama meza ya kulia.

"Hilo jeneza la nani?" Mama Mizani aliuliza.

"La samaki, mke wangu. Samaki wa baharini, wale wa rangi."

"Kiasi gani?"

"Laki mbili tu. Mwenyewe anahama."

Hiyo "tu" haikumkaa vizuri. Wiki iliyofuata ikaja pampu, elfu arobaini tu. Ikaja taa, elfu sitini tu. Ikaja ndoo ya chumvi maalumu, na kipimo cha kuipimia hiyo chumvi. Kisha yakaja mawe, tena ya kununuliwa kwa kilo. Mawe! Mama Mizani alikuwa amekulia mahali ambapo mawe yanaokotwa bure, na ukiokota mengi unashukuriwa. Kila bei aliiandika kwenye karatasi na kuificha chini ya shuka kabatini, kwa sababu risiti hakuonyeshwa hata moja.

Wiki sita zikapita. Taa inawaka, pampu inanguruma, umeme unaliwa, na samaki hakuna.

"Maji lazima yakomae kwanza," mumewe alimweleza.

"Yakomae? Ni ndizi?"

Hatimaye wakaja samaki wawili, kila mmoja kama kidole gumba. Wawili! Hapo Mama Mizani akapata hakika kwamba anapigwa changa la macho. Mbona mumewe hashindi nyumbani Jumamosi siku hizi? Mbona anarudi miguu ya suruali imelowa, mikono inanukia sabuni isiyo ya nyumbani kwao? Na simu je? Siku moja iliita mumewe akiwa bafuni, juu ya kioo pameandikwa "Samaki". Akapokea. Sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka, leo unakuja?" Akakata, akairudisha simu pale pale, akaenda kukaa jikoni.

Tusimwonee, hazikuwa hela zilizomuuma. Alikuwa na miaka hamsini na minne, watoto wamekwishaondoka, na mtu aliyebaki naye ndani ya nyumba ni huyu mmoja. Alihofia kwamba hata huyu hayuko.

Akafanya kile anachokijua. Kwenye kona ya tangi, nyuma ya pazia, akachora mstari mahali maji yalipofikia. Ndoo ya chumvi akaibeba kwa siri hadi stoo, akaipima, akaandika uzito. Kila siku maji yalishuka chini ya mstari, na kila jioni mumewe akajazia maji safi ya dumu, matupu, hata punje ya chumvi hakutia. Baada ya wiki mbili akaipima ndoo tena. Haikupungua hata gramu moja.

Basi kesi ikakamilika. Kama samaki wanaishi bila chumvi, ya nini kununua chumvi? Hizo bei zote zilitungwa, na hela zinakwenda kwa "Samaki". Jumamosi akajifunga kilemba, akachukua karatasi yake na ndoo ile, akaenda hadi duka la samaki wa rangi ambalo jina lake liliandikwa kwenye ndoo.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa umri wake, miwani imening'inia shingoni.

"Ndoo hiyo naijua. Kumbe wewe ndiye wifi yangu! Karibu, nimekusikia sana."

"Umenisikia kwa nani?" Mama Mizani akaitua ndoo kaunta kwa kishindo, akamwaga ushahidi wake wote, mstari, uzito, maji matupu.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. "Wifi, kinachokauka ni maji. Chumvi inabaki humo humo. Ukijazia maji ya chumvi kila siku, samaki watakufa."

Mama Mizani akaona uso unamchoma. Akasukuma ile karatasi mbele. "Na bei hizi je?"

Mwenye duka akavaa miwani. "Taa elfu sitini? Kauza nani? Nielekeze na mimi nikanunue kumi." Akafungua daftari lake. Taa peke yake ilikuwa laki nne. Jumla ya vitu vyote, milioni mbili na laki tatu.

"Hela hizo kazitoa wapi?"

"Hakutoa. Anafanya kazi." Akageuka, akaita, "Kaka!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu wa udereva akatokea na mabuti ya mpira, aproni imelowa, mkononi brashi ya kusugulia vioo. Alipomwona mkewe akasimama kama mwanafunzi aliyezimikiwa na gari njia panda.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," Mama Mizani alisema.

"Mwanamke gani?"

Alifurahi, na papo hapo hasira zikampanda. "Umenidanganya bei!"

"Nilipunguza. Ningekutajia milioni mbili ungekubali?"

"Thubutu!"

"Basi ndiyo hivyo."

"Na kitu gani kingine umenipunguzia bei?"

Aliuliza kwa kukomoa tu. Mumewe akaitazama ile brashi, akapangusa manyoya yake kwa kidole.

"Operesheni yako," alisema.

"Ile ya tumbo? Ile hospitali si walitusamehe nusu?"

"Hawakusamehe. Ulikuwa umeshavaa gauni lao, ukaniambia ikizidi laki tatu unavua, tunarudi nyumbani. Nami nakujua, ungevua. Nikakwambia laki mbili na nusu."

Tangu operesheni ile ilikuwa imepita miaka sita.

"Ilikuwa kiasi gani?" Sauti yake ilitoka ndogo.

"Nilimaliza kulipa mwaka jana."

Mama Mizani akatafuta mahali pa kukaa. Mwenye duka akamsogezea kiti, akaenda zake nyuma kimya kimya.

"Nimekuuliza kiasi gani."

"Hiyo sikutajii," mumewe alisema. "Utaniambia ilikuwa ghali."