Wa Kwanza Kupita Daraja la Mkuyu

Nilipokuwa mtoto, mwaka ule nilipoingia darasa la tatu, niliishi wiki kadhaa nikisubiri kufa. Nikiamka asubuhi nilijipapasa kwanza shingo na kifua, nikiona bado nina joto la mwili ndipo ninyanyuke kwenda kuchota maji. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimepita kwenye daraja la baba, na bibi alikuwa amesema kwamba atakayepita wa kwanza, mti utamchukua.

Kwetu ni upande wa Nyamwaga, mahali kijito kinapokata mashamba ya migomba. Kiangazi unakivuka kwa kuruka mawe. Masika yakishika kinakuwa kitu kingine kabisa: maji mekundu, matawi yaliyong'oka, kelele usiku na mchana. Shule, zahanati na barabara vyote vilikuwa ng'ambo. Kila mwaka wanaume walilaza magogo mawili, na kila mwaka maji yaliyachukua.

Ukingoni kwetu ulisimama mkuyu mkubwa, wa aina ile inayoshusha mizizi kutoka kwenye matawi. Siku moja baba alituonyesha mzizi uliokuwa umejilaza juu ya mwamba mpaka ukapata udongo upande wa pili. "Huu haukuelekezwa na mtu," alisema. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo hakuongeza lingine. Lakini kesho yake alianza kazi. Alichagua mizizi michanga, akaivuta taratibu juu ya fito zilizovuka maji, akaiviringa kwa magome ya migomba yaliyojaa udongo mbichi, akaifunga kwa kamba za katani. Jioni akitoka shambani aliimwagia maji, kwa subira kama ya mtu anayenywesha ndama mgonjwa. Majirani walimcheka. Mwaka wa pili mizizi ilifika ng'ambo. Mwaka wa tatu ikaanza kunenepa na kushikana yenyewe kwa yenyewe, na wale waliocheka wakawa wanakuja kuangalia, mikono nyuma.

Bibi Robhi, mama yake baba, hakuwahi kucheka. Chini ya mkuyu ule wazee wa ukoo walikuwa wakimwaga maziwa tangu yeye aolewe pale.

"Umeufunga mti ungali hai," alimwambia baba mbele yetu. "Sasa uache umalize wenyewe. Mtu akipita kabla mizizi haijashika udongo wa ng'ambo, huyo wa kwanza mti utamchukua."

"Mama, hakuna atakayepita mpaka niseme mimi," baba akajibu. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini hakubishana naye.

Mimi nilipita mchana mmoja wa Januari, baba akiwa bado hajatoa ruhusa, jua kali, maji yakiwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Ningeweza kuvuka kwa mawe. Nilipita kwa sababu nilikuwa nimekatazwa, na kwa sababu hakukuwa na mtu karibu. Mizizi ilitikisika kidogo tu, kama kitanda cha kamba mtu anapokaa. Nilifika ng'ambo, nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka maneno ya bibi, na kicheko kikakatika. Nilirudi nyumbani kwa kupitia majini.

Masika ya mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Baba alikuwa Nyamongo, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, maana mahindi yalikuwa yametuangusha. Uchungu ulimshika mama asubuhi, mvua ikiwa haijakatika tangu alfajiri. Bibi alikuwa amezalisha wanawake wengi kwa mikono yake na mwanzoni hakuwa na wasiwasi. Mchana alitoka chumbani akifuta mikono, uso umebadilika.

"Mtoto ametanguliza miguu," alimwambia jirani yetu, Mama Chacha. "Hili ni la muuguzi. Wewe kaa naye."

Akanishika mkono tukashuka mpaka kijitoni. Magogo ya mwaka ule yalikwishaondoka. Maji yalikuwa yanapita kwa kasi, yakirukia mizizi ya daraja. Bibi aliinama akaniangalia machoni, matone ya mvua yakimtiririka kwenye makunyanzi.

"Bhoke, niambie kweli. Kuna mtu ameshapita hapa?"

Nimelirudia swali lile maishani mwangu mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilikuwa mwepesi kama mbuzi. Kama ningesema, nimepita mimi bibi, na lilinibeba, angenituma. Ningekimbia hadi zahanati nikamwita muuguzi. Lakini niliogopa fimbo ya baba, na zaidi niliogopa kwamba nikilitamka lile jambo, mti ungesikia na kukumbuka kwamba bado haujanichukua.

"Hapana, bibi."

"Haya," alisema.

Alivua ndala zake, akanipa nizishike. Akafunga khanga kiunoni kwa nguvu. Aliuwekea mkuyu kiganja na kusema nao kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, na kelele za maji zikameza maneno yote. Kisha akapita kwa magoti na mikono, yeye ambaye nyumbani hakuinuka kitini bila kushika ukuta. Katikati mguu ulipenya kati ya mizizi, akazama mpaka kifuani, akabaki amening'inia kwa mikono. Nilipiga yowe. Sijui alipata wapi nguvu. Alijivuta, akatambaa, akafika. Hakugeuka nyuma. Nilimwona akipanda kile kilima chenye matope, polepole, khanga imemgandia mwilini, mpaka mvua ikamficha.

Muuguzi alikuja akikimbia, akapita juu ya daraja na begi lake kichwani bila kuuliza kitu. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya jioni. Alikuwa wa kike, na alilia. Mama alipona.

Bibi alibaki ng'ambo, kwenye benchi la zahanati, na nguo zilizolowa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumrudisha. Siku ya tatu maji yalipungua, na baba, aliyekuwa amefika, alimvusha mgongoni. Bibi alikuwa ameanza kukohoa. Alikataa kumpakata mtoto. "Kifua changu kibaya," alisema. "Mleteni mlangoni nimwone tu." Walimwonyesha. Akatabasamu, akafunga macho. Wiki ya pili tulimzika.

Msibani watu walizungumza kwa sauti za chini, lakini walichosema kilikuwa kimoja: alilisema mwenyewe, na limempata mwenyewe. Mchungaji aliomba. Wazee walichinja mbuzi chini ya mkuyu. Baba alishuka kule na shoka, akakaa muda mrefu, akarudi nalo bila kukata kitu. Nami nilijificha ghalani, nikiwaza kwamba mti ulikuwa umekosea mtu.

Sasa ninafundisha Mugumu, nina watoto wangu. Daraja lipo. Mizizi yake imekuwa minene kama paja la mtu mzima, na vijana wa bodaboda huvusha pikipiki juu yake wakipiga soga. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia baba, tukiwa wawili tu uani, nilimweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulipopita, lilikubeba vizuri?"

"Lilitikisika kidogo tu, baba."

Aligeuka kuangalia upande wa kijito.

"Nilijua kwamba limekomaa," alisema. "Januari ileile nilijua. Kazi yangu ilikuwa kulijaribu mimi, kabla sijaenda Nyamongo. Nilifika mpaka pale kwenye shina, mara mbili. Nikaogopa maneno ya mama yangu."

Tulikaa hadi mama akatuita kula.

Sijui kama mti huchukua mtu. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba ilikuwa nimonia, na ninamwamini. Ninachokijua ni kwamba siku ile, kati yetu sote, bibi peke yake ndiye aliyeamini kabisa kwamba akipita atakufa. Na ndiye aliyepita.