Miaka Niliyompunguzia Habuba

Wasomaji wangu, Habuba wa Koboko ametutoka. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa Arua, na nilipofika alasiri alikuwa ameshazikwa, maana Waislamu hawamchelewishi maiti. Watu wa msikitini walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao na mlango wake una kufuli. Nilisimama uani na pole yangu mdomoni, nikakosa wa kumpa. Hakuacha mtoto wala ndugu, na sisi tuliomwita Habuba, yaani bibi kwa Kinubi, hatukuwa wajukuu wake.

Alikuwa mjane wa mwanajeshi, msukaji wa kawa za kufunikia chakula. Tulijuana wakati wa kuandikisha vitambulisho vya taifa, nilipopata kibarua cha kujaza fomu. Nilipomwuliza umri, aliinamia meza yangu.

"Mtoto yangu, serikali ikiuliza miaka ya mutu, iko kitu inatafuta. Andika kidogo. Ikiwa mingi watasema mimi iko muke ya askari ya zamani."

Maskini! Serikali ambayo mumewe aliitumikia ilipoanguka, majina ya nyumba za wanajeshi yaliandikwa ili zisakwe, naye akakimbilia Sudan kwa miguu kupitia mpaka wa Oraba, sufuria kichwani. Tangu hapo kila orodha ilimtisha. Basi nikamkata miaka kumi na mitano. Nikamtania, "Sasa Habuba tukutafutie mchumba!" Akanipiga begani, tukacheka.

Baadaye ikaja ruzuku ya wazee waliotimiza miaka themanini. Ni jambo jema, nalisifu bila kigugumizi. Nimeona wazee wa Ayivu, jirani na Arua, wakijinunulia sabuni na dawa bila kumpigia mtu magoti. Habuba alikuwa ameshavuka umri huo, macho yamefifia, hatofautishi tena uzi mwekundu na wa kijani, na kawa zake hazina wanunuzi. Alipokwenda ofisini, kadi yake ya kitambulisho ikamkana. Karani, mtu mpole tu, akamwambia alete shahidi anayejua kosa lilivyoingia. Waliozaliwa pamoja naye walikuwa wamekwisha wote. Nilibaki mimi.

"Kuja tu, sema wewe ulikosea kuandika," alinisihi kwa simu. "Mimi nangoja."

Nikamwambia nakuja, Habuba. Sikwenda. Niliogopa, basi. Nani anakwenda mwenyewe ofisini kukiri kwamba aliandika uongo kwenye fomu ya serikali huku akijua? Nilisingizia mvua, nikasingizia kazi, na kila alipopiga nilijibu wiki ijayo. Miezi ya mwisho hakupiga tena, nami, Mungu anisamehe, nikaona afadhali.

Wakubwa wanaopanga misaada ya wanyonge huanza na kadi, na siwalaumu, kwani bila kadi wajanja wangekula yote. Lakini maskini wa huku kwetu aliwahi kuandikwa jina akakimbia nchi. Huyo hadanganyi kwa tamaa, anadanganya ili alale salama. Natamani karani angeruhusiwa kuondoka mezani, aende uani kwa mzee, awaulize majirani, amwangalie kwa macho yake. Ile mikono ya Habuba iliyokunjamana ingemtosha kuwa ushahidi. Na natamani kusahihisha kosa kusiwe kesi, ili waoga kama mimi nasi tufungue kinywa. Hofu yake ilimkosesha ruzuku mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa hofu yangu.

Nilipogeuka kuondoka, jirani yake alitoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Hii iko kadi ya Habuba," akasema. "Hakuna mutu ingine ya kupatia."

Iko hapa mbele yangu ninapoandika, na upweke wa ule ua haujanitoka. Kwa kadi hii, Habuba bado hajafikisha umri wa ruzuku. Kesho nitaipeleka ofisini nikaseme nilichokifanya, ingawa yeye haitamfaa kitu tena. Nawe msomaji, kama kuna mzee anayekungoja ukamshuhudie mahali, nenda akiwa bado anakupigia simu.