Tendegu la Nne

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Sisi wote tulimwita Kesho, na hakuwahi kununa, maana jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukienda kuulizia meza yako, kesho. Ukienda kuulizia kiti ulichokiagiza mtoto wako hajaota meno, kesho. Mafundi wote tuna maneno, na mimi mshona nguo nimo humohumo, lakini mwenzangu yule alikuwa amepitiliza.

Tulikaa ukuta kwa ukuta, cherehani yangu upande huu, mashine yake ya kukereza mbao upande ule. Alikuwa akifunga kipande cha mti, mashine inakizungusha, yeye anakigusa kwa patasi, na mti unatoka na vifundo na mabonde utadhani umeota hivyo. Mkono wake nitausifu mpaka naingia kaburini. Ulimi wake, hapana.

Mkewe mimi namwita dada. Dada alilichukia lile neno kuliko matusi. Nyumbani kwake alilipiga marufuku: mtoto akisema ataoga kesho, anamwagiwa maji papo hapo na nguo zake mwilini. Alikuwa na sababu. Tangu aolewe aliahidiwa kitanda, tena kitanda cha matendegu ya kukereza, miguu minne yenye vifundo, kama vile mumewe alivyowatengenezea wake za watu. Mtaa mzima unalala juu ya kazi ya mume wake, na yeye godoro lake liko sakafuni, magoti yanamlia kila akiinuka.

"Jirani," nilikuwa namwambia, "mwenzako atazeeka chini hapo."

"Kesho naanza," ananijibu, na kucheka juu.

Na mwaka huu akaanza kweli. Akakereza tendegu la kwanza, la pili, la tatu, akayasimamisha ukutani, kila anayepita anaitwa aje ayashike. Mti wa nne akaufunga kwenye mashine jioni, akafunga mlango, akaenda kulala. Hakuamka. Tulimkuta kwenye lile godoro, mkono chini ya shavu, ametulia kama mtu anayesikiliza kitu. Dada alikuwa amekaa chini pembeni yake na hakulia. Alisema tu, "Hata leo amenikimbia."

Baada ya mazishi akatangaza mashine iuzwe. Alisema hataki kuiona, imemla mume wake na kitanda chake juu. Mnunuzi akapatikana upesi, fundi mmoja wa mtaa wa mbali, akaahidi kuja na gari Ijumaa mchana.

Binti yao ndiye aliyeweka ngumu. Huyu amekulia kwenye lile vumbi, patasi aliijua kabla ya mwiko, kisha akaolewa mbali na miaka ikapita. Alisema mashine haitoki mpaka tendegu la nne litoke. Baba amelifunga mwenyewe, litakerezwa hapohapo, na mama hatarudi tena kulala sakafuni. Mama yake akamwambia fanya unavyotaka, mimi sikanyagi huko.

Basi Ijumaa asubuhi nimekaa na kitambaa cha watu mkononi, nikasikia mashine inawaka upande wa pili. Roho ikaniruka, mazoea ni kitu kibaya. Ikanguruma vizuri, halafu patasi ilipogusa mti, mlio ukatoka wa kutoboa masikio, kisha kimya. Ikawaka tena, ikalia tena. Nikaacha kitambaa nikaenda.

"Mama mdogo, tazama," binti akaniambia. Mkanda unaotoka kwenye mota kwenda juu kwenye mashine ulikuwa umelegea kama kiuno cha suruali ya kuazima. Mti unazunguka vizuri ukiwa hauguswi. Ukiugusa kwa patasi tu, mkanda unateleza na mti unasimama.

Dawa yake haikuwa na siri. Mota imekaa chini, juu ya ubao wenye bawaba upande mmoja, na upande wa pili umebanwa kwa nati mbili. Ukizikaza nati, ubao unashuka na mkanda unavutika. Lakini zile nati zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zimekuwa kitu kimoja na chuma. Binti akatia spana, spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Akamwagia mafuta ya taa, akakaa chini kuyasubiri yapenye.

"Nati hizi hazijaguswa miaka," alisema. "Baba alikuwa anafanyaje kazi na mkanda huu?"

Nami nikajiuliza hilohilo. Nakumbuka kuna kipindi ulikuwa unalia hivi hivi, mpaka nikagonga ukuta kwa mkasi: jirani, kaza mkanda wako huo, unatuua. Akajibu kesho, jirani. Halafu kelele ikakoma siku ileile. Nilishangaa, nikasema Kesho amefanya kitu leo, nikawahadithia na wateja wangu.

Binti hakuweza kungoja. Akapaka mkanda utomvu, ukashika kidogo, ukaachia. Akajaribu kula mti kidogokidogo, kwa ncha tu, ukateleza. Spana nayo haikupata kitu. Jua lilikuwa limeshapanda na gari lilikuwa njiani. Akaitupa patasi chini akalia kwa hasira, analia huku anaitukana mashine.

Ndipo dada akaingia na chai. Alikuwa amesikia kilio cha mwanawe. Aliingia ameipa mashine kisogo, akainama kuweka sinia chini, na alipoinama macho yakaangukia kwenye ule ubao wa mota. Ukingoni palikuwa na shimo dogo, limechimbika na kung'aa, upana wake kama nusu ya mbele ya unyayo.

Akabaki ameinama.

"Kandambili," alisema.

Mimi nikaelewa, maana kisa hicho nilikisikia mara nyingi na kukicheka. Kandambili za yule bwana zilikuwa zinaisha mguu wa kushoto tu. Nyumbani kuna rundo la za kulia, nzima kabisa, na dada hakuwahi kujua za kushoto zinaliwa na nini. Na mguu huohuo ndio uliokuwa unavimba mpaka anachechemea. Kila jioni anamwekea maji ya moto, anaukanda, na yeye anasema ni baridi tu, kesho utakuwa umepoa.

Dada akavua kiatu. Akaweka unyayo wa kushoto kwenye lile shimo, akajiegemeza na kukandamiza. Ubao ukashuka, mkanda ukakaza.

"Haya," akamwambia mwanawe. "Kereza."

Binti akaokota patasi. Safari hii mti haukusimama. Maganda yakaanza kuruka, kifundo cha kwanza kikatokea, kisha bonde, kisha kifundo. Dada mguu ulikuwa unamtetemeka, jasho linamtiririka. Nikamwambia nimpokee, akanikatalia kwa mkono.

"Miaka yote namkanda mguu," akasema, "kumbe nilikuwa naukanda mkanda."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Akacheka na yeye. Kisha kicheko kikambadilikia mdomoni, na machozi ambayo hakuyatoa msibani yakatoka yote pale, amesimama, mguu hauondoi.

Tendegu likaisha. Binti akaliweka pamoja na wenzake ukutani, na huwezi kusema lipi la nani. Akarudi na spana, akaitia kwenye nati moja kwa kujaribu tu. Ikazunguka. Mafuta yalikuwa yameshapenya, ikazunguka taratibu bila hata mlio, na chai kwenye sinia ilikuwa bado ina moto.

"Ni hivyo tu?" dada aliuliza.

"Ni hivyo tu, mama."

"Kwa kitu kama hicho ndiyo alikuwa anachechemea?"

Mimi nilimchukia yule marehemu kwa muda, Mungu anisamehe, na nikamtamani awe hai nimtukane.

Honi ikalia nje. Mnunuzi akaingia na vijana wake na kamba, akatoa pole kwa heshima zote, akaitazama mashine akaridhika. Binti akainama haraka na spana, amalizie kukaza nati, watu wakute kitu kizima.

"Iache," mama yake akamwambia.

Alikuwa bado amesimama palepale, unyayo ndani ya lile shimo.

"Mama, tumekuja kuichukua," yule bwana akasema.

"Njooni kesho," dada akajibu.

Mimi na binti tukatazamana. Mnunuzi akauliza kesho saa ngapi, ikabidi nimtoe nje mwenyewe. Nilimwambia akusanye kamba zake aende akatafute mashine nyingine, maana kesho ya nyumba ile mimi naifahamu.